Karatasi za wazee wetu: kutafuta mafaili ya mahakama katika kaunti ya Kilifi



Maswali ya mirathi yanatufikia kila mara, na mengi yana shamba nyuma yake. Familia inayo hadithi. Babu alikuwa na minazi Mambrui, au miembe Takaungu. Alikwenda mahakamani enzi za Mzungu akapewa haki yake. Kisha akafariki, watoto wakatawanyika, huyu Tanga, yule Unguja, mwingine Maskati. Hadithi imehifadhiwa vizuri kabisa, mpaka jina la hakimu na rangi ya farasi wake. Karatasi ndiyo hakuna.

Na bila karatasi, hadithi haifiki mbali. Wajukuu wakirudi wanakuta shamba lina mtu mwingine mwenye hatimiliki, au wanaambiwa kuwa ardhi ile ni ya Serikali tangu zamani. Ndiyo maana tumeona tuandike juu ya jambo ambalo kwa juu laonekana kavu: mafaili ya kesi za madai yalitoka wapi, yako wapi, na mtu huyaombaje. Tumechukua Kilifi, kaunti ya Pwani ya Kenya yenye Malindi, Mambrui, Takaungu na mashamba mengi mbali na lami, kwa sababu historia yake ya makaratasi ni ndefu na familia nyingi za nchi jirani zina mizizi huko.

Tuanze na zama za kabla ya faili. Katika miji ya Pwani kadhi alikuwapo miaka mingi kabla ya Waingereza. Mtu akiuza shamba, akiweka rehani, akimwachia mkewe nyumba au akitoa wakfu, uliandikwa waraka kwa Kiarabu, ukawekewa mashahidi, na mwenyewe akaenda nao nyumbani kwake. Hapakuwa na ofisi ya kutunza nakala ya pili. Kumbukumbu ya mji ilikuwa sanduku la kila nyumba. Moto ukiunguza makuti, au mchwa wakifika kabla ya wajukuu, waraka umekwenda.

Tarehe 14 Desemba 1895 Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, aliwekeana mkataba na Uingereza kuhusu ukanda wa pwani wa maili kumi. Sultani alibaki na jina la enzi na bendera yake, Waingereza wakachukua utawala. Mahakama za Kiislamu ziliachwa. Kadhi aliendelea, pamoja na Liwali na Mudiri ambao nao walisikiliza kesi. Kilichobadilika ni uandishi. Sasa shauri lilipewa nambari na mwaka, likaandikwa katika daftari, na karatasi zake zikafungwa pamoja zikabaki mahakamani. Hapo ndipo faili lilipozaliwa, na hapo ndipo mtafutaji wa leo anapoweza kuanza.

Mwaka 1907 hadhi ya utumwa kisheria iliondolewa katika ukanda huo, na waliokuwa wakimiliki watumwa wakaruhusiwa kudai fidia mbele ya mahakama. Tunalitaja hili kwa sababu baadhi ya wasomaji wetu ni wajukuu wa waliodai, na wengine ni wajukuu wa waliodaiwa kama mali. Anayetafuta nasaba yake asishangae kukutana na jambo hilo ndani ya karatasi za mahakama. Ni historia yetu pia, na haifutiki kwa kufumbiwa macho.

Lakini mwaka wa kushika ni 1908. Mwaka huo ilitungwa sheria ya hati za ardhi. Kila aliyedai kuwa na ardhi katika eneo lililotangazwa alitakiwa apeleke dai lake mbele ya afisa maalumu, ambaye alikaa kama mahakama. Afisa alisikiliza ushahidi, akatazama nyaraka, akapima maneno ya majirani, kisha akatoa cheti. Vyeti vilikuwa vya namna tatu: cha umiliki, cha rehani, na cha maslahi mengine katika ardhi. Ardhi ambayo haikudaiwa katika muda uliowekwa ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza.

Msomaji arudie sentensi hiyo ya mwisho. Mtu hakunyang'anywa kwa bunduki. Lilitolewa tangazo, ukahesabiwa muda, na asiyefika akapoteza. Tajiri wa Malindi mwenye karani na waraka ndani ya sanduku alifika. Mjane aliyekuwa shambani mbali na mji, mtu aliyekuwa safarini na jahazi la kaskazi, mdogo asiyekuwa na walii, hawa walitegemea mtu mwingine awakumbuke. Ndiyo maana leo mashamba mengine yameandikwa jina la kaka mmoja hali ndugu walikuwa sita. Huenda kaka aliwadhulumu. Huenda pia alikwenda yeye kwa niaba ya wote, kwa sababu ndiye aliyekuwapo siku ile. Kesi nyingi za mirathi zimesimama juu ya tofauti hiyo, na jibu lake, likipatikana, limo katika maneno aliyoyasema mbele ya afisa.

Jirani zetu Wamijikenda, wenye kulima bila waraka na kushika ardhi kwa ukoo, walikuwa na nafasi ndogo zaidi. Sheria ilimtazama mtu mmoja mmoja mwenye ushahidi ulioandikwa au wa kumilikiwa binafsi. Mwaka 1914 Wagiriama walipigana na Serikali, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa kutakiwa wahame kaskazini ya mto Sabaki. Maskwota wa Pwani tunaowasikia katika habari hadi leo wana asili katika miaka hiyo. Kwa hiyo faili la babu yako likipatikana, lisome lote. Mara nyingine lina pia jina la mtu aliyekuja kulalamika kuwa shamba lile analima yeye.

Kazi ya kupima na kutoa vyeti haikumalizika pwani nzima. Palipofikiwa, vyeti viliingizwa katika masjala ya ardhi Mombasa. Ukiona kwenye karatasi ya zamani herufi CR na nambari, hiyo ni nambari ya masjala ya Pwani. Usiitupe hata kama karatasi yenyewe imechanika nusu. Sheria ile ya hati za ardhi ilifutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, lakini haki zilizoandikwa chini yake hazikufutwa kwa kufutwa kwake, na nambari bado inamwongoza karani.

Kesi za madai za enzi hizo hazikuwa za ardhi tupu. Kuna madeni ya maduka, rehani za minazi, mahari isiyolipwa, ulezi wa yatima, na wakfu. Wakfu una kisa chake kirefu. Mwaka 1951 Baraza la Mfalme huko London, lililokuwa rufani ya mwisho ya koloni, liliamua katika kesi iliyotoka Kenya kwamba wakfu uliowekwa kwa manufaa ya kizazi cha mwenyewe, na maskini kuachiwa sehemu ya mbali kabisa, haukuwa halali. Majaji walifuata hukumu iliyotolewa kwa ajili ya India mwaka 1894. Kwa Waislamu wa Pwani hili lilikuwa jambo zito, kwani wakfu wa kizazi ulikuwa umezoeleka na mashekhe waliukubali. Mwaka huo huo wa 1951 ilitungwa Kenya sheria ya Makamishna wa Wakfu iliyorudishia nafasi wakfu wa namna hiyo. Mwenye kutafuta nyumba au shamba la wakfu basi asiishie kwa kadhi. Aulize pia Tume ya Wakfu Mombasa, ambayo mwanzo wake ni sheria ya mwaka 1900.

Uhuru ulipokaribia, swali la kadhi na la hati likaja pamoja. Katika barua walizoandikiana Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar Mohammed Shamte mwezi Oktoba 1963, Kenya iliahidi kulinda mamlaka ya Makadhi, na ikaahidi pia kuzitambua hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa Pwani. Wengi wanakumbuka ahadi ya kwanza na kuisahau ya pili. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967 ikamweka Kadhi ndani ya mfumo wa mahakama za taifa, na mahakama za Maliwali na Mamudiri hazikuendelea. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inampa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, iwapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake.

Historia hii ndiyo ramani ya mtafutaji. Shauri la mirathi la mwaka 1930 huenda lilikuwa kwa Kadhi au kwa Liwali. La miaka ya karibuni huenda liko kwa Kadhi, kwa hakimu, au Mahakama Kuu. Na rufani ya kutoka kwa Kadhi huenda Mahakama Kuu, ambako Kadhi Mkuu au Makadhi wawili hukaa pamoja na jaji kumshauri. Kwa hiyo shauri moja laweza kuwa na mafaili mawili katika majengo mawili. Likikosekana moja, la pili mara nyingi lina nakala ya hukumu ya kwanza.

Jambo moja huwapotezea watu nauli. Mahakama nchini Kenya ni za taifa, si za kaunti. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013 na hazitunzi faili hata moja la kesi. Ukienda ofisi za gavana utarudishwa. Jina lenyewe "Kilifi" nalo litakuchanganya ukiingia katika karatasi za kale, maana Malindi zamani iliandikwa chini ya jimbo la Seyidie, pamoja na Mombasa na Vanga. Baadaye likaja jimbo la Pwani na wilaya zake, nazo zikamegwa na kuunganishwa. Tafuta kwa jina la mji ulio karibu na shamba, kisha kwa jina la mahakama, si kwa jina la kaunti ya leo.

Sasa nambari. Karani wa masjala hutafuta kwa nambari ya kesi na mwaka, na asiye navyo anamwomba atafute sindano. Habari njema ni kwamba nambari nyingi zilichapishwa. Gazeti rasmi la Serikali lilianza Mombasa mwaka 1899, na tangu miaka ya mwanzo lilitoa matangazo ya mirathi: jina la marehemu, mahali alipofia, mahakama, na nambari ya shauri. Hadi leo anayeomba kusimamia mali ya marehemu Mahakama Kuu hutangazwa humo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na siku zinazotolewa ni 30. Matoleo ya zamani yamepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, na Google Books inayo mengi ya kusoma bila malipo. Kijana mwenye simu anaweza kukaa na bibi yake jioni moja, bibi akitaja majina na yeye akiyatafuta. Hukumu za mahakama za juu nazo huchapishwa katika tovuti ya Kenya Law. Hukumu mpya mara nyingi huzitaja kesi za zamani za shamba lile lile kwa nambari zake, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Katika kutafuta huko, majina ndiyo kikwazo kikubwa. Makarani waliandika walivyosikia. Swaleh utamkuta Saleh, Salehe na Sale. Mwanaidi amekuwa Monaidi. "Bin" na "binti" huachwa au huungana na jina. Mtu huyo huyo ameandikwa kwa nisba ya kabila katika karatasi hii na kwa jina la mtaa katika ile. Andika kwanza kwenye daftari namna zote unazoweza kufikiri, halafu ndiyo utafute. Tarehe pia zina lugha yake. Waraka wenye mwaka 1326 wa Hijria ni wa 1908 au siku za mwanzo za 1909, kwani mwaka huo wa Hijria ulianza Februari 1908. Ukiupata waraka wa namna hiyo jua kuwa uliandikwa wakati sheria ile ya hati inatungwa, na huenda uliandikwa kwa ajili yake.

Tafuteni majina ya wanawake. Tunasisitiza. Watu huulizia babu tu, na babu huenda hakuwahi kukanyaga mahakama. Mtafiti Susan Hirsch, aliyekaa katika mahakama za Kadhi za Mombasa na Malindi na kutoa kitabu chake mwaka 1998, alionyesha kuwa wadai wengi wa pale walikuwa wanawake, na kwamba aghalabu walipata walichokidai. Bibi aliyedai matumizi au sehemu yake ya mirathi ameacha nyuma yake orodha ya watoto, mali na majirani ambayo hakuna mwanamume wa nyumba ile aliyeiandika.

Tuliwahi kufuatana na mama mmoja mwenye umri mkubwa hadi masjala ya mahakama moja, tusiyoitaja. Alitafuta shauri la ulezi la miaka ya hamsini. Mara mbili alikuwa amekwisha ambiwa halipo. Karani, kijana mstaarabu, akamwambia, "Mama, faili hili halionekani, wallahi nimetafuta." Mama akamjibu, "Mwanangu, sikukatalii. Nipe basi lile daftari kubwa, huyu mjukuu wangu ana macho." Kijana akacheka akalileta. Ilichukua asubuhi nzima na nusu ya alasiri, mstari kwa mstari, vumbi likitukaba. Shauri lilikuwapo, limeandikwa kwa jina la shangazi aliyekuwa mlezi na wala si la baba, na herufi zake hazikufanana na lolote tulilolitarajia. Faili lenyewe halikupatikana siku ile. Lakini nambari ilikuwa mkononi, na kwa nambari ile hatimaye lilipatikana kwenye rafu ya mafaili ya rufani.

Katika kisa hicho mna jambo la kushika. "Halipo" ya masjala ina maana nyingi: halipo kwenye rafu yake, halipo chini ya jina ulilotaja, limehamishiwa mahakama nyingine, limepelekwa hifadhi ya nyaraka, au limeharibiwa. Uliza ni ipi kati ya hizo, kwa upole. Likiwa limepelekwa hifadhi, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Nairobi, Moi Avenue, na ina kituo Mombasa. Kwa kawaida nyaraka za Serikali hufunguliwa kwa wasomaji zikitimiza miaka 30. Huko ndiko mwanahistoria Frederick Cooper na wenzake walikopata mengi ya yale wanayotuambia juu ya Pwani. Vitabu vyake vya 1977 na 1980 juu ya mashamba, utumwa na maskwota vilitegemea pia hati zilizosajiliwa Malindi na Mombasa. Ukweli ni kwamba wageni wamezisoma karatasi za wazee wetu kwa bidii kuliko sisi.

Na kuharibiwa je? Hapa ndipo penye uzito. Mahakama za Kenya zina ruhusa ya kisheria ya kuteketeza mafaili ya zamani. Utaratibu ni huu: mahakama hutangaza katika Gazeti la Serikali kwamba baada ya miezi mitatu itaomba idhini ya Jaji Mkuu kuharibu kumbukumbu za kesi za miaka fulani. Mwenye kielelezo chake ndani ya faili anatakiwa akidai katika muda huo, na kisichodaiwa huhesabiwa ni sehemu ya kumbukumbu na huharibiwa pamoja nazo. Kielelezo ni nini? Ni ule waraka halisi wa Kiarabu ambao babu aliutoa sandukuni akaukabidhi mahakamani kama ushahidi, akasubiri urudishwe, na haukurudishwa.

Hatusemi kuwa mahakama inafanya hila. Masjala zimejaa, paa huvuja, na hakuna nchi inayotunza kila karatasi milele. Lakini msomaji ameona kuwa njia ni ile ile ya 1908. Tangazo, muda, na kimya cha asiyelisikia. Nani katika kijiji cha ndani ya Kilifi hufungua Gazeti la Serikali? Mtu mmoja katika kila familia anaweza kupewa kazi hiyo, kwani siku hizi hutazamwa kwenye simu. Atazame jina la mahakama yao na aina ya kesi, basi.

Likatokea tena karibuni. Mwaka 2016 sheria ya Kenya ya Tume ya Taifa ya Ardhi ilirekebishwa, ikatoa nafasi ya kupeleka malalamiko ya dhuluma za kihistoria za ardhi. Iliyahusu yaliyotokea baina ya tarehe 15 Juni 1895, siku Kenya ilipofanywa himaya ya Uingereza, na 27 Agosti 2010. Miaka mia na kumi na tano ya madai, na muda wa kuyapeleka ukawekwa miaka mitano. Ulikwisha Septemba 2021, na katika mitano hiyo mwaka mmoja na nusu ulikuwa wa korona. Waliokuwa na faili tayari waliandika dai. Wengine walianza kutafuta faili.

Tuje kwenye kuomba kwenyewe. Nenda mahakama iliyosikiliza kesi, ingia masjala, toa nambari, mwaka na majina ya pande mbili. Eleza uhusiano wako na uonyeshe kitambulisho. Kwa mrithi ni vizuri kuwa na cheti cha kifo cha marehemu na karatasi yoyote ya kuonyesha nasaba. Kuna ada ya kusoma faili na ada ya nakala kwa ukurasa. Hulipwa kwa njia rasmi, benki au simu, na risiti hutolewa. Anayetaka kupewa mkononi bila risiti hukumuomba yeye faili, usimlipe. Soma faili palepale, andika kurasa unazozitaka, na uombe nakala zilizogongwa muhuri wa mahakama. Nakala isiyo na muhuri inakutosha kwa kumbukumbu ya nyumbani, lakini mbele ya ofisi ya ardhi au hakimu mwingine haikufai sana. Omba kwanza hukumu na amri, kisha orodha ya vielelezo, kisha maneno ya mashahidi. Wengi huchukua hukumu peke yake, na majina ya ndugu yako kwa mashahidi. Tangu Machi 2024 kesi mpya hufunguliwa kwa mtandao nchini kote, lakini hilo halisaidii faili la 1950. Hilo bado liko kwenye rafu.

Ukizungushwa, andika. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kiswahili, ndugu zetu, kwa hiyo msiogope. Huna wajibu wa kueleza sababu, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Idara ya Mahakama nayo ina ofisi yake ya malalamiko tangu 2011. Faili la mambo ya watoto na mengine ya siri yanaweza kuzuiliwa, na hilo lina haki yake. Hata yale unayopewa, ya talaka za watu waliokwisha fariki, si ya kusambazwa katika makundi ya simu.

Haki hiyo ya sheria ya 2016 ni ya raia wa Kenya. Wasomaji wetu wa Tanzania, Uganda, Burundi na kwingineko ambao si raia, mtumie ndugu aliye raia au wakili, au mwende wenyewe masjala kama wahusika wa shauri. Na ambao wazee wao walikuwa na mali pande mbili za bahari, msisahau Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar, Kilimani. Imo mikusanyo mikubwa ya hati na kesi za zama za Usultani, na tajiri wa Malindi aliyekopa Unguja aliacha deni lake limeandikwa Unguja.

Barua ya ombi iwe fupi: jina lako, nambari ya kesi na mwaka, majina ya wahusika kwa namna zote za kuandikwa, kurasa unazozitaka, na simu yako. Ipeleke kwa Naibu Msajili ikiwa ni Mahakama Kuu, kwa msimamizi wa mahakama kwingineko. Chapisha mbili. Moja iache, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na hiyo urudi nayo nyumbani.